Duara Namba 1 na Duara Namba 10: Kumwomba Wakala wa Akili Unde Orodha ya Mafaili Yaliyo Winguni



Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likitangulia mwezi Machi, karatasi za mchimbaji mdogo zimeongezeka. Hapa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, katibu wa kikundi ana leseni, daftari la viroba vya mawe, stakabadhi za mauzo na hati za mgawo wa viroba hivyo za kutunza. Karatasi hizo zikishapigwa picha na kupandishwa winguni, anaweza kumwandikia wakala wa akili unde: "Nipe mafaili yote ya duara namba 1," yaani shimo la uchimbaji lenye namba hiyo. Mada yangu inahusu ombi hilo moja. Msimamo wangu ni kwamba wakala haoni hifadhi. Anaona orodha aliyoletewa na zana yake, yaani programu inayoiomba hifadhi orodha hiyo. Orodha ikiwa pungufu au imechanganyika, jibu lake litakuwa hivyo hivyo, hata likiandikwa kwa Kiswahili safi.

Hifadhi za aina hii, mfano Amazon S3 iliyoanza Machi 2006, kwa kawaida hazina folda. Kuna ndoo, na ndani ya ndoo kuna mafaili, kila moja na jina lake refu. Jina kama msalala/duara-1/2024/mauzo.pdf linafanana na folda ndani ya folda, lakini ule mkwaju (/) ni herufi tu ya jina. Ukitaka orodha unataja mwanzo wa jina, nayo hifadhi inaleta kila kinachoanza hivyo. Ni sawa na kumwomba mtu maneno yanayoanza na m: atakutajia mtu, mti na maji, bila kujali ngeli.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwetu. Zana ikiomba "msalala/duara-1" bila mkwaju mwishoni, italeta duara-1, pamoja na duara-10, duara-11, mpaka duara-19. Wakala atajumlisha viroba vyote na kutoa hesabu moja. Kila aliyewahi kukaa kwenye mgawo anajua maana yake: viroba vya mwenye duara moja vimeandikwa kwa mwenzake, na mwenye shamba naye atadai fungu lake kwa hesabu hiyo hiyo. Hakuna mitambo iliyoharibika. Zana imetii ilichoambiwa. Kinga yake ni kumalizia ombi kwa mkwaju, na kuyapa maduara namba zenye sifuri mbele, duara-001, duara-010. Sifuri hizo zinanyoosha pia mpangilio, kwa sababu majina hupangwa herufi kwa herufi, na bila sifuri duara-10 hutangulia duara-2.

La pili ni kurasa. Kwa ombi moja S3 hurudisha majina yasiyozidi 1,000, pamoja na alama ya kusema kama mengine yamebaki na tokeni ya kuombea ukurasa unaofuata. Kikundi chenye picha 2,400 kinahitaji maombi 3. Zana iliyoishia kwenye ombi la kwanza inamfanya wakala aseme stakabadhi fulani haipo, kumbe iko ukurasa wa tatu. Na kwa kuwa mpangilio hufuata herufi wala si tarehe, kinachoachwa kinaweza kuwa stakabadhi ya juzi. Kwa hiyo zana ifuate tokeni mpaka mwisho, ihesabu yenyewe, na impe wakala jumla pamoja na neno "imekamilika" au "haijakamilika". Kumwachia wakala ahesabu mistari 2,400 kwa macho yake ni kujitafutia makosa.

Kuhusu tarehe niseme kwa ufupi. Tarehe inayoonekana kwenye orodha ni ya kupandisha faili, si ya kutoa mawe, tena kwa saa za dunia, nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Faili lililopandishwa saa 8 usiku wa kuamkia Juni 1 litasomeka la Mei 31. Tarehe ya kazi iandikwe ndani ya jina.

Lakini jina lisibebe kila kitu. Ruhusa ya kuorodhesha ni tofauti na ruhusa ya kufungua faili, na anayeorodhesha husoma majina yote. Jina la faili lenye jina la mchimbaji na gramu alizouza limeshatoa siri kabla halijafunguliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatuhusu sisi makatibu pia. Wakala apewe ruhusa ya kuorodhesha sehemu ya kikundi chake tu, na asipewe kabisa ruhusa ya kufuta.

Ndugu washiriki, nawaomba mkirudi kazini mjaribu kabla ya mgawo unaofuata: ombeni orodha ya duara namba 1, kisha mtazame kama duara namba 10 limo.