Kitambulisho kwanza, Wi-Fi baadaye

Julai 2005, wiki tatu hivi baada ya mabomu ya London kuua watu 52, serikali ya Italia ilitoa amri ya kupambana na ugaidi. Amri hiyo ya Waziri wa Mambo ya Ndani, Giuseppe Pisanu, ilimtaka mwenye mgahawa wa intaneti, na hata anayegawa Wi-Fi kwa umma, aone kwanza kitambulisho cha mteja.

Nia ilikuwa njema, sikatai. Lakini muuza kahawa akageuzwa karani wa polisi. Nakala ya pasi ya mgeni ikishalala kwenye droo yake, nani anailinda? Jambazi naye huja na kitambulisho cha kuazima, au laini iliyosajiliwa kwa jina la bibi kizee asiyejua lolote. Sharti hilo lilikoma mwisho wa 2010.

Hapa kwetu, kanuni za 2018 ziliwataka wenye migahawa ya intaneti wafunge kamera na kuweka daftari la watumiaji. Polisi wenye mtu wanayemtafuta waende kwa hakimu, wapewe kibali. Maana katika foleni ile yumo pia karani anayetaka kufichua wizi wa mkubwa wake. Akiona daftari mlangoni, anageuka na kurudi nyumbani.