Mpira na Ufagio

  Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mchezo, zamu, sheria. Yasomeni kwa sauti, polepole. Tutayatumia katika mazungumzo ya leo.

Leo tunaongea habari za vijana wetu na mambo wanayoyafanya baada ya masomo. Nina maana ya mpira, mbio, netiboli, na pia kwaya, ngoma, maigizo na skauti. Wazazi wengi huona kwamba huko ni kupoteza wakati. Mtoto akichelewa kurudi, baba humwuliza, "Ulikuwa wapi?" Mtoto hujibu, "Nilikuwa uwanjani." Basi, imekuwa kesi. Baba husema, "Huo mpira utakulisha?"

Swali hilo si la kijinga. Mtu anayelipa karo kwa jasho lake ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo sitawajibu kwa maneno matupu. Nitawapeleka Nairobi, mji mkuu wa Kenya, katika bonde la Mathare, mkaone jinsi watu wa huko walivyofanya.

Mathare ni mtaa wa watu wenye kipato kidogo. Nyumba nyingi ni za mabati, nazo zimebanana. Katika miaka ya 1980 takataka zilijaa njiani na mitaroni. Ninyi mnajua jinsi ilivyo. Mtaro ukiziba, mvua ikinyesha maji machafu huingia nyumbani, na baada ya maji huja ugonjwa wa kuhara. Katikati ya uchafu huo watoto walicheza mpira. Mpira wenyewe ulikuwa mifuko ya plastiki iliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba.

Mwaka 1987 bwana mmoja wa Kanada aliyekuwa akikaa Nairobi, jina lake Bob Munro, alishirikiana na vijana wa Mathare kuanzisha chama cha michezo. Chama hicho hujulikana kwa jina la MYSA. Bwana huyo hakuwapa watoto zawadi kisha akaenda zake. Walipatana. Watoto watapata ligi, mipira na waamuzi, lakini na wao watatoa kazi yao.

Sasa sikilizeni sheria waliyoiweka. Timu ikishinda mchezo hupata pointi 3. Ikitoka sare hupata pointi 1. Lakini timu ikitoka na mafagio, majembe na matoroli ikasafisha mtaa wake, hupata pointi 6.

Tufanye hesabu. Timu ya kwanza imeshinda michezo 3, wala haikusafisha hata mara moja. Ina pointi ngapi? Tatu mara tatu ni 9. Timu ya pili imeshinda michezo 2 tu, lakini imesafisha mara 1. Mbili mara tatu ni 6. Ongeza 6, utapata 12. Timu ipi iko juu? Ile iliyoshika ufagio.

Mimi naipenda sana sheria hii, nami nitawaambia sababu. Hakuna mtu aliyesimama mbele ya watoto wale kuwahubiria habari za usafi. Mtoto anapenda mpira, na kwa kupenda mpira anajikuta mtaroni na jembe mkononi. Na kama yeye ni mchezaji hodari, afunga magoli, lakini siku ya kusafisha amelala kitandani, wenzake hawamwachi. Watamfuata mpaka mlangoni. Maneno ambayo angeambiwa na baba yake asingeyasikia, akiambiwa na watu wa rika lake huyasikia. Kazi yao ilionekana. Mwaka 1992 chama kilipata tuzo ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira.

Tazameni tena ubaoni, neno la pili: zamu. Ligi haiendi yenyewe. Lazima mtu aandike majina ya wachezaji, apange timu ipi itacheza na ipi, saa ngapi, uwanja gani. Lazima mtu aandike magoli, atunze mipira, aitishe mkutano. Huko Mathare kazi hizi walipewa vijana wenyewe, katika kamati walizozichagua. Ninyi mnaojifunza kusoma ukubwani mtanielewa upesi. Kijana anayeandika orodha ya timu yake anajua kwamba akikosea jina, rafiki yake hatacheza Jumamosi. Huyo hahimizwi kuandika vizuri. Tena chama kilifanya jambo la busara: kijana aliyejitolea kufundisha wadogo, kuamua michezo au kusafisha aliwekewa pointi zake mwenyewe, na waliopata nyingi walisaidiwa karo, nayo ikapelekwa shuleni kwao.

Neno la tatu ni sheria. Mtoto uwanjani husikia filimbi, husimama. Labda mwamuzi amekosea, na mtoto anaona kabisa kwamba amekosea, lakini mchezo lazima uendelee. Kufungwa bao kisha kumpa mkono aliyekufunga ni jambo gumu. Hata watu wazima linatushinda. (Wazazi wanaosimama kando ya uwanja na kumtukana mwamuzi wajitazame.) Katika MYSA mwamuzi aliweza kutoa kadi ya kijani kwa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wengine, nayo ilimwongezea pointi zake.

Basi turudi kwa yule baba na swali lake. Je, mpira utakulisha? Kusema kweli, wengi hautawalisha. Chama kilianzisha timu kubwa, Mathare United, mwaka 1994, nayo ikawa bingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech aliichezea timu hiyo kabla ya kwenda Qatar na baadaye Ufaransa, akapata riziki yake huko. Lakini watoto waliopita katika viwanja vile ni maelfu, na akina Oliech wanahesabika kwa vidole. Mzazi anayempeleka mtoto uwanjani ili awe tajiri atavunjika moyo, na mtoto pia. Mpeleke kwa ajili ya zamu na sheria.

Sasa nataka kusema na akina mama, na akina baba wasikilize. Tumesema juu ya wavulana. Je, binti yuko wapi saa kumi jioni? Anateka maji, anabeba mdogo wake, anawasha moto. Kaka yake yuko uwanjani. MYSA ilianza michezo ya wasichana mwaka 1992, miaka mitano baada ya wavulana, na vikwazo vilikuwa hivyo hivyo mnavyovijua: kazi za nyumbani, na hofu ya wazazi kwamba giza litamkuta msichana njiani. Wengine walisema mpira si wa wasichana.

Hofu ya giza ni ya haki, wala mtu asiicheke. Lakini ina dawa. Mazoezi yaanze mapema na yaishe mapema. Wasichana warudi pamoja, asiachwe mmoja nyuma. Akipatikana mwanamke wa kuwafundisha, ni heri zaidi. Na kazi za nyumbani? Hapo rudini kwenye lile neno zamu. Jumatatu kaka anateka maji, dada anacheza. Jumanne wanabadilishana. Ndoo haimjui mvulana wala msichana. Binti aliyezoea kusema "nipe pasi" kwa sauti mbele ya watu, kesho atajua kusema "hapana" kwa sauti ile ile, na ninyi mama zao mnajua thamani ya neno hilo.

Wako watoto wasiopenda mpira kabisa. Msiwalazimishe. Huko huko Mathare baadhi ya vijana walipewa kamera ndogo wakafundishwa kupiga picha za maisha yao, na mwaka 1999 picha zao zikatolewa katika kitabu. Mtoto mmoja ataimba, mwingine ataigiza, mwingine atapenda kupanda miti na skauti. Jambo kubwa ni kwamba pawe na wenzake, pawe na kazi aliyopewa, na pawe na siku ambayo asipofika atakosekana.

Kuhusu mwili nitasema machache. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 kwa siku za kuchezesha mwili kwa nguvu ya kadiri au kubwa. Mtoto anayetembea mbali kwenda shule na kuteka maji ameshapata sehemu yake. Anayekaa mjini akitazama simu, hajapata.

Lakini msimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote tu kwa sababu ana filimbi shingoni. Nendeni uwanjani mkamwone. Ulizeni jina lake, anakaa wapi, anawasemesha watoto namna gani. Mwalimu wa michezo anayetaka kubaki na mtoto mmoja mahali pa siri, au anayempa zawadi na kumwambia asiseme nyumbani, mwondoeni mtoto siku hiyo hiyo na mwambieni mkuu wa shule au mwenyekiti wa mtaa. Na karibu na mitihani punguzeni siku za mchezo, msizifute zote. Kichwa kilichochoka hakishiki kitu.

Sasa fungueni madaftari. Kila mmoja aandike mistari minne. Wa kwanza: jina la mtoto wako, au mtoto wa jirani, na mchezo anaoupenda. Wa pili: jina la mtu anayewasimamia. Wa tatu: saa ya kurudi nyumbani. Wa nne: nani atashika zamu yake ya kazi siku hiyo. Ambaye hawezi kuujaza mstari wa pili, kesho aende uwanjani akaulize. Mkimaliza, daftari liende nyumbani, na mistari hiyo someni mbele ya mtoto mwenyewe, aone kwamba mmeandika ninyi.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.