Beringi ikilia usiku, nani anasikia?

Fundi wa mashine ya kusaga pale Soweto, Mbeya, ana kipimo chake cha siku zote: bisibisi. Ncha anaigusisha karibu na beringi, mpini anauweka sikioni. Beringi nzima huvuma. Iliyoanza kulika hukwaruza. Anaibadili mapema, unga wa watu usije ukalala.

Sasa tazama reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokamilika mwaka 1975. Behewa la shaba limetoka Mbeya, linapita Makambako usiku wa manane (wakongwe bado tunaihesabu Makambako kuwa Iringa, ingawa Njombe ilikuwa mkoa mwaka 2012). Beringi ya ekseli ikianza kukwaruza hapo, nani ataweka bisibisi? Ikipata moto kupita kiasi ekseli huweza kukatika, na behewa likaacha reli.

Utasema vifungwe vipimo vya mtetemo. Vyema, lakini behewa la mizigo kwa kawaida halina umeme, na betri huisha. Nani azungukie mabehewa yaliyotawanyika nchi mbili akibadili betri?

Jibu ni kuutumia mtetemo wenyewe. Anayeikumbuka dainamo ya baiskeli ameshaelewa nusu. Ndani ya kifaa mna sumaku iliyoshikwa na springi, kando yake waya uliosokotwa. Gurudumu likitetemeka, sumaku hucheza na umeme hupatikana. Ni kidogo, hauwashi taa ya chumbani, lakini unatosha kupima na kutuma habari kwa redio. Uingereza, kampuni ya Perpetuum, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2004, ilifunga vifaa hivi kwenye treni za abiria.

Hata hivyo, kipimo kisichotiiwa ni pambo. Urusi, Agosti 2009, mtambo mmoja wa umeme wa maji wa Sayano-Shushenskaya ulitetemeka kupita kiwango ukaachwa uendelee. Ulipong'oka, watu 75 walikufa.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina CCECC, wa kukarabati na kuendesha TAZARA, kwa dola bilioni 1.4. Mabehewa mapya yamo. Wakubwa wanapopitia orodha ya vifaa, ningependa mmoja wao aulize beringi hizo zitasikilizwa na nani, na akisikia, ana amri ya kusimamisha treni?