Malaria ya Kuku si Mdondo, wala si Malaria ya Watu

Mada iliyotolewa kwa wafugaji wa kuku wa asili katika mkutano wa huduma za ugani wa Halmashauri



Mvua za masika zinapokolea, maafisa mifugo wa kata hupokea habari ya namna moja kutoka vitongoji vingi. Mtetea aliyekuwa akipekua uani jana, leo amejikunyata kando ya ukuta. Mbawa zimelegea, kilemba kimepauka, kinyesi ni cha kijani. Mwenye kuku hasiti kusema kuwa ni mdondo. Wa pili akifa wiki inayofuata, na wa tatu baada yake, mfugaji huanza kuilaumu chanjo: kuku walitiwa tone la jicho kwa wakati wake, na bado wanakufa. Msimu unaofuata hachanji tena. Hapo ndipo mdondo wenyewe unapopata mlango na kulifagia banda lote kwa siku chache.

Hasara hiyo ndiyo iliyoleta mada hii. Kuku aliyepauka huenda hana mdondo kabisa. Huenda anabeba vimelea vya damu vya jamii moja na vile vya malaria ya binadamu. Chanjo ya mdondo haikuundwa kwa ajili ya vimelea hivyo, na haistahili lawama kwa kutovizuia.

Vimelea hivyo vina makundi matatu makubwa. Plasimodiamu wa ndege huenezwa na mbu, hasa mbu wa jamii ya kuleksi, ambao si wale anofelesi waenezao malaria ya watu. Lukositozoni huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi, wa jamii ileile iletayo ugonjwa wa usubi kwa binadamu. Hemoproteusi huletwa na vijidudu vidogo mno viumavyo jioni, na kwa njiwa huletwa na nzi bapa anayejificha katikati ya manyoya. Kila kundi lina tabia yake, lakini matokeo kwa ndege aliyezidiwa hufanana: damu huharibika, ini na wengu huvimba, nguvu hupungua. Vifaranga na kuku wachanga ndio huumia zaidi.

Swali linaloulizwa mara nyingi vijijini ni kama mtu anaweza kuambukizwa malaria kutoka kwa kuku wake. Jibu ni hapana. Plasimodiamu wa ndege hawaugui watu, na wale wa watu hawaugui kuku. Kwa hiyo vidonge vya malaria vilivyobaki nyumbani havina nafasi katika maji ya kuku. Kipimo chake hakijulikani kwa mfugaji, mabaki ya dawa huingia katika nyama na mayai, na dawa iliyotolewa na zahanati kwa ajili ya mgonjwa huwa imetoweka siku anapoihitaji.

Hata hivyo, binadamu ana deni kwa ndege katika jambo hili. Mwaka 1898, mjini Calcutta nchini India, daktari Mwingereza Ronald Ross aliwafuata vimelea vya malaria ya ndege hatua kwa hatua, kutoka damu ya ndege wagonjwa hadi tumbo la mbu, na kutoka tumboni hadi tezi za mate, kisha akawaona mbu hao wakiwaambukiza shomoro wazima. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1902. Shomoro wale wale wanaofukuzwa kwenye mashamba ya mpunga ndio waliofumbua fumbo.

Wapo wanaoshauri kukata miti yenye viota au kuwaua ndege wa mwituni ili kuku wapone. Ushauri huo hauna faida. Ndege wengi wa bara hili wamekaa na vimelea hivyo tangu enzi na enzi, wakavizoea. Balaa hutokea pale ugonjwa unapowafikia ndege wasioujua. Visiwa vya Hawaii havikuwa na mbu hata mmoja hadi karne ya 19, meli zilipowaleta. Vimelea vya malaria ya ndege vilipofika baadaye, ndege wa misitu ya huko, ambao hawakuwa na kinga yoyote, waliteketea. Oktoba 2023 serikali ya Marekani iliondoa aina 21 za viumbe katika orodha ya wanaolindwa kwa sababu wametoweka; 8 kati yao walikuwa ndege wa Hawaii. Waliosalia wamekimbilia milima mirefu yenye baridi, na joto linapoongezeka mbu nao wanapanda.

Mbu aliyefanya kazi hiyo Hawaii si mgeni hapa. Ni kuleksi wa majumbani, anayezaliana katika vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, na ambaye hueneza pia matende na mabusha. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yaliwekwa chembe nyepesi za polistirini zinazoelea juu ya maji. Viluwiluwi vilikosa hewa, na mbu wakapungua kwa muda mrefu. Choo kilichofunikwa vizuri na mtaro usiotuama ni kinga ya watu na ya kuku kwa pamoja, ingawa katika bajeti za vijiji mambo hayo huandikwa mbali na mifugo.

Ugonjwa wenyewe hautambuliwi kwa macho. Kuhara damu, minyoo, hata viroboto wanaong'ang'ania usoni mwa kuku, vyote hupausha kilemba. Kinachotakiwa ni tone la damu kutoka mshipa wa bawa, lipakwe kwenye kioo, litiwe rangi na kutazamwa kwa darubini. Pale inapobidi, sampuli hupelekwa kituo cha kanda cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Tena, kuonekana kwa vimelea vichache hakutoshi kuwa hukumu, maana kuku wengi wenye afya hutembea navyo. Mtaalamu hutazama wingi wake pamoja na hali ya ndege.

Wakati majibu yanasubiriwa, ratiba ya chanjo ya mdondo iendelee kwa kuku wazima kama kawaida. Mgonjwa atengwe. Aletwe ofisi ya mifugo ya kata akiwa hai, asubuhi kabla ya jua kali, katika tenga lenye kivuli. Aliyekufa tangu jana damu yake haisomeki tena.