Mche wa Askofu, Kisiki cha Mkulima

Kila mvua za Desemba zinapoanza hapa Dodoma, miche hupandwa kwa shangwe. Askofu anapanda wake, mkuu wa wilaya wake, mgeni kutoka kwa wafadhili naye wake, kwaya inaimba. Ikifika Agosti, nenda ukaiulizie hiyo miche. Mbuzi wameitafuna, au jua limeimaliza. Mkoa unaopata milimita 500 na ushei za mvua kwa mwaka hauna huruma na mche uliolelewa kitaluni kwa kumwagiliwa asubuhi na jioni.

Siyabezi makanisa. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na hospitali za Mvumi na Kilimatinde zimewatibu Wagogo kizazi baada ya kizazi. Kwenye miti, hata hivyo, tumeng'ang'ania kupanda.

Mmisionari mmoja aliliacha zoea hilo baada ya kushindwa sana. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikwenda Maradi, kusini mwa Niger, mwaka 1981 na shirika la kimisionari la SIM. Akapanda miti, ikafa. Akapanda mingine, nayo ikafa. Mwaka 1983, akiwa njiani na trela la miche, alisimama kupunguza upepo wa matairi ili gari lipite mchangani. Akakitazama kichaka kimoja kando ya njia, akasogea, akayaangalia majani. Hakikuwa kichaka. Ulikuwa mti uliokatwa, unachipua upya, na mizizi yake chini ya mchanga ilikuwa hai. Nyika nzima ilijaa visiki vya namna hiyo. Mkulima hakuhitaji mche wala ndoo ya maji. Alihitaji kisu, achague machipukizi machache yaliyonyooka, apunguze mengine, kisha alinde.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi huiruka. Sheria ya Niger, urithi wa Wafaransa, iliuhesabu mti kuwa mali ya serikali hata ukiota katikati ya mtama wako. Ukiutunza, faida si yako. Ukikata tawi, unatozwa faini. Mwenye akili aliung'oa ungali mdogo. Rinaudo akaenda kuzungumza na mabwana misitu wa Maradi, wakakubali kulegeza kamba. Njaa ya 1984 ilipopiga, chakula cha msaada kikatolewa kwa waliotunza visiki. Njaa ilipopita, wengi waliifyeka tena miti hiyo, lakini wachache walioiacha ndio waliowafundisha majirani zao. Leo eneo lililorudi kuwa na miti nchini Niger linakadiriwa kufika hekta milioni 5. Na wakulima hao karibu wote ni Waislamu. Kwa ripoti inayohesabu wabatizwa, Maradi ingeandikwa kuwa imefeli.

Kwetu tulianza kwa amri. Mwaka 1979 serikali, kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), iliondoa mifugo katika eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo. Miti ilirudi, hilo halina ubishi, ila waliohamishiwa ng'ombe wao hawakuulizwa. Tangu 2018 mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yanaeneza Kisiki Hai vijijini Dodoma, njia ileile ya Maradi: mkulima anapogolea, anafunga kitambaa kwenye mti aliouchagua ili apitaye ajue una mwenyewe.

Kitambaa hakimzuii ng'ombe. Baada ya mavuno, mashamba ya Ugogo huwa malisho ya kila mtu, na chipukizi la mwaka mmoja huliwa pamoja na mabua. Dawa yake ni sheria ndogo ya kijiji, iliyojadiliwa kwenye mkutano ambao wafugaji nao wamo. Hapo ndipo ningetaka kumsikia padri, mchungaji na shehe wakisema, maana wanasikilizwa kuliko afisa yeyote wa mradi. Na kabla ya kusema, parokia na dayosisi zenye ardhi ya misheni zianze na viwanja vyao wenyewe, ambavyo kila Jumamosi hufyekwa mpaka vinang'aa, visiki hai vikikatwa pamoja na majani.

Kiangazi ndicho kipindi cha kupogolea. Kazi hiyo ifanywe kabla ya mvua, na panga kila kanisa linalo.