Magadi ya Kenya na Lithiamu ya Manono



Jikoni magadi ni kitu kidogo. Hutiwa katika chungu cha maharage yapate kuiva upesi, na hakuna anayeuliza zaidi. Kiwandani mambo ni mengine. Magadi yaliyosafishwa, ambayo wanakemia huyaita kaboneti ya sodiamu, hupunguza joto linalohitajika kuyeyusha mchanga uwe kioo. Kiwanda cha Verrundi, kilichokuwa kikitengeneza chupa hapa Bujumbura katika miaka ya 1980, kiliyahitaji kama viwanda vyote vya namna hiyo.

Siku hizi inayotajwa sana ni lithiamu, metali ya jamaa moja na sodiamu. Huko Manono, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna akiba ya miamba yenye lithiamu iliyo miongoni mwa kubwa duniani. Mataifa na makampuni yanaigombea kwa ajili ya betri za magari. Katika makelele hayo husahauliwa kwamba njia iliyozoeleka ya kupata kaboneti ya lithiamu kutoka katika mwamba huo hupitia kwenye magadi.

Sababu yake ni tabia ya vitu hivi ndani ya maji. Mnamo mwaka 1861 Mbelgiji Ernest Solvay alipata njia ya kutengeneza magadi kwa kupuliza gesi ya kaboni katika maji ya chumvi yenye amonia. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 hivi za chumvi ya kula, lakini bikaboneti ya sodiamu haifiki gramu 100. Isiyopata nafasi majini hutua chini, huchujwa, hupashwa moto, na kuwa magadi. Potasiamu haikubali njia hiyo, kwa kuwa bikaboneti yake huyeyuka kupita gramu 300 na hukataa kutua. Wazee waliochuja maji ya majivu ili kupika sabuni walinufaika na wepesi huohuo wa kuyeyuka: kaboneti ya potasiamu ilishuka na maji, na taka zikabaki juu.

Lithiamu ni kinyume kabisa. Kaboneti yake huyeyuka gramu 13 tu kwa lita, na maji yakichemka hupungua hadi gramu 7 hivi, jambo la ajabu kwa yeyote aliyezoea kukoroga sukari katika chai ya moto. Basi mwamba huchomwa, hutiwa asidi ya salfa, kisha katika maji yake ya moto humiminwa magadi, na unga mweupe hutua. Hata kuuosha huoshwa kwa maji ya moto, maana ya baridi yangeondoka na sehemu yake. Kwa hesabu ya kemia, kila tani ya unga huo inadai tani 1.4 za magadi.

Magadi hayo yako karibu. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya, chemchemi za moto huleta maji ya magadi, jua huyakausha, na fuwele hujijenga zenyewe. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na sasa ni mali ya Tata Chemicals ya India. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Magadi na lithiamu vimo sasa katika jumuiya moja. Hata hivyo, mwamba ukisafirishwa mbichi, vitu hivyo viwili vitakutana katika viwanda vya ng'ambo, na faida ya kukutana kwao itabaki hukohuko.

Si kazi nyepesi. Asidi ya salfa ni lazima ipatikane, na taka za salfeti zipate pa kwenda. Umeme nao ni kikwazo: bwawa la Piana Mwanga, lililojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono, liliharibika na kuachwa kwa miaka mingi.