Maji Hafifu Bombani: Pima Kwanza, Pampu Baadaye



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wengi wetu hapa Dar es Salaam, nalo ni maji kukosa nguvu. Sizungumzii mgao, pale bomba linapokauka kabisa. Nazungumzia maji yaliyopo, lakini yanatoka membamba kama uzi. Ndoo haijai mpaka mtu achoke kusimama, na aliye ghorofani hayamfikii.

Mtu akipatwa na tatizo hili, neno la kwanza analoambiwa ni pampu. Jirani atasema nunua pampu, fundi atasema nunua pampu, na mwenye duka ndiye usiseme. Basi fedha iliyowekwa kwa karo ya mtoto inakwenda dukani, pampu inafungwa, inanguruma usiku kucha, na mara nyingi maji yanatoka vilevile. Mimi nasema pampu ni dawa, na dawa haitolewi kabla mgonjwa hajapimwa.

Upimaji wenyewe hauhitaji shahada. Unahitaji ndoo ya lita 20, saa ya mkononi na subira kidogo.

Anza kwa kujiuliza: udhaifu huu ni wa koki moja au wa nyumba nzima? Ikiwa jikoni maji yanatoka vizuri na bafuni yanachuruzika, basi ugonjwa uko bafuni. Fungua kile kichujio kidogo kilichoko mdomoni mwa koki. Aghalabu utakuta mchanga, vipande vya kutu, na hata nyuzi za katani alizofungia fundi. Bomba la mvua nalo huziba matundu, hasa kwa wenye kutumia maji ya kisima yenye chumvi. Liloweke katika siki usiku mmoja, kisha lisugue kwa mswaki mkuukuu. Angalia pia valvu ndogo iliyo chini ya sinki. Wako watu walioteseka miezi kwa sababu fundi aliifungua nusu akaenda zake.

Ikiwa nyumba nzima ni dhaifu, nenda kwenye koki iliyo karibu zaidi na mita. Weka ndoo, fungua koki yote, tazama saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 10 kwa dakika, nazo zinatosha kwa matumizi ya kawaida. Halafu fanya hivyo hivyo kwenye koki ya ndani. Kama kwa mita ndoo inajaa kwa dakika 2 na ndani inachukua dakika 8, hapo umeshajua kwamba maji ya mtaani hayana kosa; yanakwama ndani ya uwanja wako.

Yanakwama wapi? Katika nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma, kutu huota ndani kama ukoko wa wali kwenye sufuria, hata tundu la inchi moja likabaki upana wa penseli. Hakuna pampu itakayoliponya bomba la namna hiyo. Dawa yake ni kulibadilisha. Pengine maji hayakwami, bali yanavuja ardhini. Funga koki zote za nyumba, kisha itazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali yanakotoka usikokuona, na ankara unailipa wewe.

Sasa nije kwa wenye matangi, maana siku hizi nyumba nyingi zinakunywa kutoka kwenye tangi. Hapa kuna imani moja ambayo ningependa tuiache. Watu hudhani kwamba tangi kubwa lina nguvu kubwa. Sivyo. Nguvu ya maji haitokani na wingi wake, hutokana na kimo chake. Tangi la lita 5,000 lililokaa chini haliwezi kushindana na la lita 500 lililoko juu ya paa.

Tuchukue mfano. Umejenga mnara wa mita 3, na bomba lako la mvua liko mita 2 kutoka chini. Tangi likikaribia kwisha, kimo kinachosukuma maji kichwani pako ni mita 1 tu. Ukiuinua mnara ufike mita 6, kimo kinakuwa mita 4, yaani nguvu imezidi mara nne bila ya pampu wala umeme. Lakini angalia: lita 1,000 za maji zina uzito wa tani nzima. Mnara wa tangi si kazi ya kukisia. Mwite anayejua zege na nondo, kwa sababu chini yake watoto wanacheza.

Tazama pia bomba linalotoka kwenye tangi. Mafundi wengi huweka la nusu inchi kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Tundu la inchi moja lina eneo mara nne ya lile la nusu inchi. Literemshe bomba pana toka tangini, ulipunguze pale tu linapokaribia koki. Na bomba lisipandepande na kushukashuka njiani, maana hewa hunasa kwenye kilima, na maji ya tangi hayana nguvu ya kuisukuma.

Baada ya yote hayo, pengine utaona kwamba kweli unahitaji pampu, hasa ukiwa ghorofani. Vema, inunue. Lakini hapa ndipo penye neno nililotaka hasa kulisema leo: pampu ivute maji kutoka kwenye tangi lako. Isivute moja kwa moja kutoka bomba la mtaani.

Pampu iliyofungwa kwenye bomba la mtaani haiongezi hata tone moja katika mji. Inamnyang'anya jirani. Naye jirani akiona kwake kumekauka, anafunga yake kubwa zaidi, na mtaa mzima unaingia katika mashindano ya kuvutana maji, ambamo asiye na uwezo ndiye hukosa.

Lipo baya zaidi. Bomba lenye nguvu likiwa na ufa, hutoa maji nje. Bomba linalonyonywa na pampu likiwa na ufa, huingiza ndani kilichoko nje. Na sote tunajua mabomba yetu yanapita wapi: pembeni ya mitaro, karibu na vyoo, ndani ya madimbwi ya masika. Mji huu unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kilianzia hapa Dar es Salaam kikaenea mikoani. Aliyewasha pampu hatajua alichokivuta, wala jirani aliyechota baada yake hatajua kilitoka kwa nani.

Njia iliyo sawa ni ya matangi mawili. La kwanza likae chini, lijazwe taratibu na bomba la mtaani, hasa usiku wakati watu wengi wamelala na nguvu ya maji imepanda. Liwekee boya la kufunga maji linapojaa. Kisha pampu ndogo ipandishe maji kwenye tangi la juu. Kwa mpangilio huo hunyonyi bomba la mtu, na pampu haifanyi kazi kutwa kucha.

Wapangaji mtaniuliza: sisi tusio na nyumba tufanyeje? Pimeni kwa ndoo, andikeni dakika kwenye karatasi, mpelekeeni mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliyezoea kusikia "maji hayatoki" anaweza kupuuza. Akionyeshwa kwamba kwa mita ni dakika 2 na chumbani ni dakika 8, atabaki na neno gani? Hesabu hainuni wala haigombi.

Waswahili wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa habari ya maji mimi naongeza: usipoutafuta ufa, utanunua pampu ya kunywea uchafu wa mtaroni.